Kochi la Kudunda Limenyamaza

Fundi wa makochi ana misumari mdomoni. Anaichomoa mmoja mmoja, anaigongelea kwenye fremu, huku jicho la pembeni likiwa ng'ambo ya barabara, kwenye karakana ya mwenzake ambaye mtaa mzima unamwita Springi.

Kwa Springi leo hakuna mteja. Fundi anatema misumari kiganjani.

"Sikufichi, ndugu mwandishi. Yule bwana nilimwonea kijicho mpaka chakula hakishuki."

Chanzo ni binti wa Springi, mwenye miaka kumi na mitatu. Kila kochi lilipokamilika, mtoto alikimbia kutoka mlangoni na kujitupa juu yake, akidunda na kucheka. Baba alirekodi, binti akaweka mtandaoni. Watu wakafunga safari kutafuta "kochi la kudunda".

Fundi anashikilia kwamba mishono ya Springi imepinda kama njia ya ng'ombe. Mkewe, anayekata vitambaa hapo hapo, hainui hata kichwa.

"Baba watoto, wivu wako ungekuwa sponji, tungejaza makochi ya mji mzima."

Ndipo ikaja sheria inayowazuia walio chini ya miaka kumi na sita kuwa na akaunti kwenye mitandao ya kijamii. Ukurasa wa binti ukafungwa. Fundi akawanunulia soda majirani, akidai anashangilia usalama wa watoto.

Furaha haikumaliza mwezi. Zamani alitengeneza seti sita kwa mwezi; sasa mbili. Wateja, kumbe, walikuwa wakifuata kochi la kudunda, wanakuta foleni kwa Springi, wanavuka barabara kuja kwake.

"Nilikuwa nakula makombo ya meza niliyoitukana," anasema.

Jana Springi naye alivuka. Binti mkubwa wa fundi ana miaka kumi na saba, sheria haimgusi. Springi akaomba binti huyo afungue ukurasa wa karakana zote mbili. Fundi akajijaza misumari mdomoni ili asijibu. Binti akamjibia.

"Baba mdogo, leta kochi. Nitajitupa."

Wanaanza wiki ijayo. Fundi anatumaini seti sita zitarudi, hata zikipita nane sawa. Kochi lake la kwanza liko tayari. Mishono ameirudia mara mbili. Na binti ameshapewa maelekezo.

"Kwetu ajitupe kwa nguvu zote," anasema fundi, akirudisha misumari mdomoni. "Kwa Springi akae taratibu, kama mgonjwa."