Magurudumu Yaliyomshusha Mzee Simeon

Mmekuja tena kunisumbua niandike habari ya Bedan, kana kwamba mtaa wetu wa Landless mzima hakuna mwingine wa kushika kalamu. Shule mimi niliiona nikipita na ng'ombe. Lakini wale waliosoma wameisimulia vibaya, wamemfanya Bedan shujaa, na uongo huo unaniwasha kuliko upupu. Basi kaeni chini, mnyamaze.

Bedan ni mtoto wa Warigia, yule anayeuza nyanya sokoni Thika. Hana ubaya mkubwa. Anauza chakula cha kuku, anaamka mapema, pombe hajui, na kanisani anaimba sauti ya nne ingawa hakuna aliyemwomba. Ugonjwa wake ni mmoja tu, kupenda kutazamwa. Akinunua shati jipya, atapita mbele ya kila kinyozi kabla hajafika kwao.

Gari la kisa hiki lilikuwa Premio ya kijivu. Baba yake alipofariki, ukoo ulikaa ukasema mama hawezi kuzeekea kwenye boda boda. Warigia akatoa pesa ya nyanya, shangazi Rachael akatoa ya chama cha akiba, na Simeon, kaka mkubwa wa marehemu, akauza mtamba wake mzuri. Likawa gari la kila mtu. Lilienda kanisani, likaenda hospitali, likabeba viazi, likabeba wenye kulia na wenye kuolewa. Bedan alipewa ufunguo kwa sababu ndiye aliyekuwa na leseni. Polepole akaanza kusema "gari langu", na hakuna aliyemkemea. Kosa lilianzia hapo, si kwa magurudumu.

Akampata Ciku, mwalimu wa nasari, binti wa Muriithi wa kule Ruiru, nyuma ya Kamakis. Msichana mwenye akili. Sijui aliona nini kwa Bedan. Siku ya ruracio, ya kupeleka mahari, ikapangwa. Kwetu kijana hajiombei mke. Siku hiyo huketi kama mgonjwa, mdomo umefungwa, na mzee wa kwao ndiye anayesimama kumwombea. Asiye na mzee wa kusema, hata akileta mbuzi wa Kiambu nzima, amekuja kuuza mbuzi tu. Bedan alikuwa na Simeon, na Simeon akisimama kuongea hata kuku huacha kuchakura. Kijana mwingine angelala usingizi.

Huyu hakulala. Aliwaza magurudumu. Kamakis, alijiambia, ni mahali pa nyama choma, na Jumapili magari yanayong'aa hupangwa pale nje kama meno. Muriithi ameyaona yote. Akimwona Bedan akija na vigurudumu vya inchi kumi na tano, vimefunikwa plastiki iliyopasuka, atajua binti anapelekwa kwenye shida.

Akaenda Thika mjini, kwa Bhavik, ambako rimu zimetundikwa ukutani kama sufuria za harusi. Alikaa humo sana kuliko mtu anayechagua jeneza. Nyeusi alizikataa, akasema ni za gari la maiti. Za dhahabu alizitamani, akaogopa mama yake. Mwishowe akashika za inchi kumi na nane, zenye njiti nyembamba kama za baiskeli, na tairi jembamba kama mshipi wa suruali.

"Ndugu yangu," Bhavik akamuuliza, "hii gari hubeba nani?"

"Mimi tu."

"Familia hapana?"

"Mara moja moja."

"Kama ni wewe tu, sawa. Ukijaza watu nyuma, tairi itasugua fenda, hilo bati la juu yake. Nikuwekee spesa, iinuke kidogo?"

"Usiinue. Gari ikiinuliwa inakaa kama mbuzi anayetaka kula ua la jirani."

Bhavik akacheka, akamwita fundi. Yeye ni mwenye duka, si mama yake. Magurudumu ya zamani aliyachukua kwa hesabu ya yale mapya, isipokuwa la akiba lililobaki ndani ya buti.

Ciku alipoyaona aliyazunguka yote bila haraka.

"Ni maridadi," akasema. "Watu wataketi wapi?"

"Kwa viti."

"Haya."

Mwanamke akikwambia "haya" ya namna hiyo, rudi dukani. Bedan akafikiri amesifiwa.

Siku ikafika. Warigia akaketi mbele kwa sababu ya goti lake. Rachael akaketi nyuma kulia, na mapajani blanketi ya kumpa mama wa msichana. Simeon akaketi nyuma kushoto, kwa sababu anasema mkubwa hukaa hapo na anayekaa mbele ni utingo. Simeon si mtu mdogo. Akiketi, amekaa. Na buti ilikuwa na kreti za soda, unga na sukari.

Kutoka Landless hadi barabara kuu gari lilinguruma kidogo, Bedan akapandisha redio. Tuta la kwanza, krrr. La pili, krrrr, na harufu ya mpira kuungua ikaingia ndani.

"Bedan, kuna kitu kinatafunwa," Rachael akasema.

"Ni barabara, tata," Bedan akamjibu shangazi yake.

"Barabara haina meno."

Walipofika Ruiru wakaacha lami, wakashika njia ya mawe ya kuelekea kwa Muriithi. Hapo kila shimo lilikuwa kilio. Bedan akasimama mbele ya vibanda vya nyama vya Kamakis, akachungulia. Tairi la nyuma kushoto lilikuwa limeanza kuchubuka ubavuni. Akatoa kreti za soda kwenye buti, akawapa akina mama wapakate. Akajaribu, bado. Akamwambia Rachael asogee mlangoni kabisa, naye akasogea mpaka shavu likagusa kioo. Bado. Kilichobaki kilikuwa kimeketi nyuma kushoto, kimevaa kofia na koti la sufu, mkononi fimbo.

Bedan akakuna kichwa. Akafungua mlango kwa adabu nyingi sana, ile adabu ya mtu anayeiba.

"Baba mkubwa, ni hapo tu mbele. Ungeshuka kidogo, nikuitie boda ikulete. Utafika hata kabla yetu."

Warigia akageuka. "Unamwambia nani ashuke?"

"Mami, ni kilomita mbili tu. Tairi likipasuka tutaingia kwa watu na aibu."

Simeon akashika fimbo yake vizuri. Alishuka mguu mmoja, akashuka wa pili, akanyoosha koti. Gari likainuka kama mtu aliyetuliwa mzigo. Bedan akamlipa kijana wa boda, akaondoka, na kwa kioo akaona magurudumu yake yanang'aa vizuri. Hakumtazama mzee.

Kwa Muriithi wanawake waliwafungia geti, wakaimba, Rachael akawajibu mpaka wakafungua. Wakaketishwa ndani ya hema. Hakuna aliyetazama magurudumu, maana waliegesha nyuma ya banda la ng'ombe. Muriithi, mtu mkavu kama kuni za jana, akasimama.

"Wageni karibuni. Nani msemaji wenu, atuambie mmepotea ama mmekuja?"

Warigia akamtazama Bedan. Bedan akatazama geti. Boda hakuna.

"Anakuja," Warigia akasema. "Yuko nyuma kidogo."

"Basi tumngoje."

Wakangoja. Kwetu chakula hakitoki kabla ya maneno, na harufu ya mukimo ilikuwa inazunguka ile hema kama mchungaji anayetafuta sadaka. Wazee wa upande ule wakaanza kuangalia saa. Bedan hakuweza kusema, mila haimruhusu, na hata angeruhusiwa angesema nini.

"Huyu mzee ni mgonjwa?" Muriithi akauliza.

Rachael alikuwa amekaa na hiyo hasira tangu kioo kilipomkandamiza shavu. "Si mgonjwa. Ni mzito. Gari limevishwa magurudumu makubwa, likamkataa. Kijana wetu akamshusha Kamakis."

Upande wa Ciku ukacheka, halafu ukaacha kucheka, na hiyo ya pili ndiyo mbaya.

"Kwa hivyo alimpima mzee wake, akaona ni mzigo," Muriithi akasema polepole. "Na binti yangu akinenepa kwa watoto, atamshusha stendi gani?"

Warigia akainamisha kichwa. Nimemjua mama huyo tangu tukiwa wasichana, na sijawahi kumwona akitazama viatu vyake.

"Kijana, nenda ukamlete," Muriithi akasema. "Na umlete na hilo gari. Akija na pikipiki, nyote mrudi Thika na soda zenu."

Bedan alipopita jikoni, Ciku alikuwa mlangoni, na mwiko mkononi. Hakumkasirikia, na hilo lilimtisha Bedan zaidi.

"Umlete, Bedan. Bila yeye hata mimi sitatoka huku jikoni."

Simeon hakuwa amepanda boda. Bedan alimkuta kwenye kibanda cha nyama, mbavu mbele yake, kofia imewekwa kwenye kiti kama mgeni wa pili.

"Nani amekutuma?" akauliza bila kuinua macho.

"Ni Muriithi."

"Basi rudi umwambie hukuniona."

Bedan akasimama. Watu wa mezani wakageuka kumtazama, na kwa mara ya kwanza maishani hakutaka.

"Nimekuja mwenyewe, baba mkubwa. Nilikosa. Nilisema gari ni langu."

"Mtamba wangu alikuwa na jina," Simeon akasema. "Ulijua jina lake?"

"Hapana."

"Hata sitakwambia." Akafuta vidole mmoja mmoja. "Hayo magurudumu yataniweza?"

"Hayatakuweza. Lakini panda."

Mzee akapanda, nyuma kushoto, mahali pake. Bedan akaendesha. Hakupunguza kwa tuta, hakukwepa jiwe, kwa sababu kule mkutano ulikuwa unanuka njaa. Tairi lililia njia nzima. Karibu na kwa Muriithi likapasuka, na Simeon akasema, "Usisimame." Hakusimama. Ile rimu nzuri, yenye njiti kama za baiskeli, ikasaga mawe mpaka getini ikilia kama kinu kisicho na mafuta. Kijiji chote kilisikia. Sasa ndiyo walimtazama.

Muriithi akatoka, akaiangalia ile rimu iliyopinda, akamwangalia Simeon akishuka.

"Karibu, mzee. Tumesikia mkifika."

Simeon alisimama akaongea, na sitaandika alivyoongea kwa sababu kalamu haiwezi. Mbuzi wa mahari wakakubaliwa. Kisha Ciku akaitwa, akaulizwa mbele ya watu, kama kawaida yetu, kama soda ya wageni hawa inywewe ama irudishwe. Aliitazama ile rimu iliyopinda mpaka Bedan akaanza kutokwa na jasho puani.

"Kunyweni," akasema. "Lakini hilo gari sitapanda mpaka magurudumu hayo yatoke."

Wakarudi Thika na lile gurudumu la akiba, dogo, pamoja na matatu makubwa, gari limelala upande kama jogoo aliyepigwa jiwe, na Landless wote nje wakicheka. Juma lililofuata Bedan alikuwa kwa Bhavik akiomba vigurudumu vyake vya kumi na tano. Bhavik alikuwa ameshaviuza, kwa hivyo akapewa vingine vya chuma, vyeusi, vibaya kabisa. Vinabeba watu. Hakuna shujaa hapo. Kuna mjinga aliyerudi kuchukua alichoacha, na wajinga wengi hawarudi.

Mimi nimemaliza, na mkono unauma. Sasa nilipeni. Wewe unayesoma hapo ukitabasamu, nawe una mtu uliyemshusha barabarani ili kitu chako kiendelee kung'aa. Usiniambie huna. Kabla ya Jumapili nenda ukamlete, umketishe mahali pake, kisha uje naye hapa kwangu nimwone kwa macho yangu.