Mama wa Ng'ambo ya Korongo

Nyumba yangu imelipa kisogo korongo linalopita katikati ya mji wa Karatu. Kwa miaka mingi dirisha la jikoni la upande huo sikulifungua. Zamani ulikuwa mto, ila sisi wenyewe tuliugeuza jalala. Pampasi, chupa, manyoya ya kuku, viroba vya nywele bandia kutoka saluni, vyote tulivitupa huko tukingoja mvua ivipeleke kwa watu wengine. Masika moja kalavati la chini ya barabara likaziba, na maji yaliyoteremka kutoka msitu wa Ngorongoro yakarudi majumbani kwetu. Mchana kweupe nilikaa juu ya meza ya chakula nikitazama viatu vya mume wangu vikielea kwenda sebuleni.

Maji yalipokauka, jirani yangu mama lishe alipita nyumba kwa nyumba. "Jumamosi asubuhi, kila mtu na jembe lake," alisema, na hakuna aliyethubutu kumkatalia. Watu wa mtaa wa ng'ambo nao walikubali. Tukapatana kwamba kila mtaa usafishe ukingo wake, kisha tukutane kwenye daraja la miguu kunywa chai.

Tulianza kipindi cha baridi, na anayeijua Karatu anaujua ukungu wake. Unashuka kutoka mlimani ukiwa mzito kama moshi wa kuni mbichi, na ukinyoosha mkono mbele huoni vidole vyako. Tulifanya kazi kwa kusikilizana. Hapa mtu anakohoa, pale reki inakwaruza jiwe. Ukungu ulipopungua kidogo, niliona upande wa juu, penye kona ya korongo, mwanamke ameinama amejitanda shuka jeusi, akivuta mifuko ya plastiki kutoka kwenye tope. Alikuwa ukingo wa ng'ambo, kwa hiyo nikajua ni mtu wao.

Jumamosi ya pili au ya tatu, tukiwa darajani na vikombe mkononi, mzee mmoja wa ng'ambo aliuliza, "Huyo mama yenu wa kule juu, mbona hamumwiti chai?"

Mama lishe akacheka. "Mama yetu? Si wa kwenu huyo? Yuko ukingo wenu."

"Sisi tunamwona ukingo wenu," mzee akajibu.

Tuliweka vikombe chini. Kisha tukaenda kwa pamoja hadi kwenye kona, wao kwa upande wao na sisi kwa wetu. Hapakuwa na mtu. Kando zote mbili takataka zilikuwa zimekusanywa mafungu mafungu, matambara peke yake na chupa peke yake, kila fungu limefungwa kwa kamba ya nyasi zilizosokotwa. Tope lote lilikuwa laini, halina alama ya mguu. Chini ya ukingo, mahali palipokuwa pakavu tangu nihamie pale, maji membamba yalikuwa yakitoka.

Wiki iliyofuata mama lishe alimpelekea chai. Alikiweka kikombe juu ya jiwe pale konani, akapaaza sauti, "Mama, chai yako hii, karibu!" akarudi haraka kuliko alivyokwenda. Tulipomaliza kazi tulikikuta kimepinduliwa, kimeoshwa mpaka kinang'aa. Nilikishika kikanichoma kwa ubaridi. Mama lishe hakukirudisha mgahawani. Alikiacha palepale.

Baadhi ya watu waliacha kuja. Wengine walidai aitwe mchungaji, naye akaja na koti lake zito na Biblia kwapani. Alituombea sisi, akauombea mji, akauombea mto na wote wanaoutunza. Tulisema "Amina" kwa sauti moja. Baada yetu, kutoka ndani ya ukungu wa ng'ambo, "Amina" nyingine ikaja, ya taratibu, ya mwanamke. Siku hiyo wa ng'ambo wote walikuwa wamevuka, wamesimama pamoja nasi. Mchungaji alifunga Biblia yake, akatutazama kama anayengoja tumwambie kitu.

Mimi sikuacha. Siwezi kusema ni ushujaa; nilishafungua lile dirisha la jikoni na sikutaka kulifunga tena. Asubuhi moja nilishuka peke yangu kupanda matete pale konani, kwa sababu udongo ulikuwa unameguka. Ukungu ulikuwa umefunga kabisa. Nilikuwa nimepiga magoti nikichimba shimo la kwanza nilipohisi kuna mtu karibu, upande wangu huuhuu, karibu kiasi cha kusikia shuka lake likiburuta kwenye nyasi. Nikafanya nilichofundishwa tangu utotoni.

"Shikamoo, mama."

Kisha, kwa lafudhi nzito ya watu wa zamani wa Mbulu, "Marahaba. Mmechelewa."

"Tumechelewa nini, mama?"

"Sisi tulianza zamani."

Lile neno *sisi* lilinishika. Hapo ndipo niliposikia, kutoka konani kwenda juu, mpaka masikio yalipoweza kufika, mikono mingi ikifanya kazi. Plastiki ikichomoka kwenye tope. Mawe yakipangwa. Hakuna aliyezungumza. Sikujua la kufanya ila kuendelea kuchimba, machozi yakinidondoka kwenye udongo, mpaka nikapanda matete yote niliyokuja nayo. Jua lilipoutoboa ukungu nilikuwa peke yangu, na safu yangu ya matete ilikuwa imeendelea mbele kuliko nilipoishia, mpaka ng'ambo ya kona.

Nilimsimulia mume wangu. Hakucheka. Aliuliza tu kama nilipigwa na baridi, akanipa maji ya moto.

Sasa maji yanapita hata kiangazi, membamba lakini safi, na ndege wamerudi kwenye matete. Tuliobaki kwenye kikundi tuna desturi moja: kukiwa na ukungu hatuitani kwa majina, wala hatuulizani nani yuko wapi. Jumamosi iliyopita mtu aliyekuwa akifanya kazi ubavuni mwangu alinyoosha mkono kuomba reki. Nilimpa bila kuinua macho.