Nyama Niliyompa Tai kwa Siri

Wewe unayenisikiliza, sogea kidogo, maana habari hii nataka nikueleze taratibu. Nitakuonyesha jinsi tai aliyevunjika bawa anavyofundishwa kuruka tena. Ukinielewa hapo, utaelewa pia jinsi nilivyomwonea wivu msichana mmoja mpaka nikakaribia kumwua ndege niliyempenda.

Ilikuwa Maganzo, huko Usukumani, miaka ya hamsini. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na minne, na baba yangu alikuwa na bucha. Nyuma ya josho la ng'ombe aliishi bwana mifugo mmoja aliyekwisha kustaafu. Watu walimletea ndege walioumia: kipanga aliyegongwa na lori, mwewe aliyepigwa manati, hata bundi, ambaye aliyemleta alimtupa mlangoni ndani ya gunia na kukimbia. Jirani yake mmoja alizoea kupita akimwambia, "Bwana Mifugo, wewe unalea wezi wa vifaranga vyangu." Naye alijibu, "Mama, wakipona nitawatuma waje kukuomba radhi."

Mimi nilijitolea kumsaidia. Kila alasiri nilifagia banda, nikabadilisha maji, nikakusanya panya walionaswa kwenye ghala la pamba. Hakunilipa, wala sikutaka malipo. Nilitaka tu yule tai jike mkubwa wa kahawia, aliyeletwa akiwa amevunjika bawa, anizoee. Ilimchukua miezi miwili kukubali panya mkononi mwangu, tena mpaka nigeuze uso pembeni.

Ndipo akaja msichana wa rika langu, binti wa mfugaji aliyeleta ng'ombe wake kuogeshwa. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, na mimi nilikicheka. Alisimama mbele ya banda akamsalimu tai kwa Kisukuma, kama mtu anavyomsalimu mama wa heshima mchana: "Mwadila, mayu." Kisha akamnyooshea panya. Tai akamchukua vidoleni mwake palepale, bila kusita.

"Ana mkono mtulivu huyu," bwana mifugo akasema.

Maneno hayo hakuwahi kuniambia mimi. Tangu siku hiyo niliyasikia hata nilipokuwa nikikata nyama dukani kwa baba. Naye msichana akaanza kuja bandani kila alasiri.

Sasa nikueleze kazi yenyewe. Bawa likishaunga, tai hawezi kuachiwa hivi hivi, kwa sababu misuli yake imelegea. Anafungwa kamba ndefu mguuni, anawekwa juu ya kigingi, na mtu anasimama mbali akiwa amevaa glavu ya ngozi ya ng'ombe na kushika kipande cha nyama. Tai mwenye njaa ataruka kuifuata. Kila siku unasogea nyuma hatua kadhaa. Kila kitu kinategemea njaa hiyo: si njaa ya kumtesa, ni ile ya mtu aliyetoka shambani akasikia chungu kinachemka. Ndiyo maana bwana mifugo alikataza mtu yeyote kumlisha kabla ya zoezi.

Halafu akatuambia, "Atakayeitikiwa na tai siku tatu mfululizo, bila kukosa, ndiye atakayempandisha mlimani na kumwachia."

Nilianza mimi. Siku ya pili tai alinitazama, akajisafisha manyoya, akabaki palepale kigingini. Zamu ikawa ya mwenzangu. Siku ya kwanza tai akamjia. Siku ya pili akamjia kwa kasi hata kamba ikavuma. Msichana yule akacheka, akanigeukia. "Binti wa bucha, mbona umenuna? Njoo umshike na wewe."

Alisema kwa wema. Laiti angenikejeli, ningepata sababu ya kumchukia.

Siku ya tatu, adhuhuri, bwana mifugo akiwa joshoni, nilikwenda bandani na nyama ya paja niliyoificha ndani ya kanga. Nilimkatia tai kipande baada ya kipande. Alikula yote, na kwa mara ya kwanza alinitazama usoni huku akila. Nilijiambia kwamba ananipenda. Kwa kweli nilikuwa nikimnunua.

Alasiri ilipofika, msichana alivaa glavu akaita. Tai hakujitikisa. Akaita tena, akasogea karibu, akapunguza sauti. Hakuna. Nilifurahi, sitakuficha, furaha ilinijaa kifuani mpaka nikaona haya kuinua macho.

"Labda mkono wangu umeingia mkosi," akasema, akavua glavu. "Nisije tena."

Bwana mifugo hakumsikia. Alikuwa akimtazama ndege kwa hofu. "Huyu hajala tangu jana, na bado anakataa nyama. Ni mgonjwa." Akaingia ndani akatoka na chupa ya dawa ya mifugo. "Ni kali, ndege mzima ingemwua, lakini huyu tusipomnywesha sasa atakufa. Mshikeni."

Mwenzangu akamshika mabawa. Bwana mifugo akaufungua mdomo wake. Nikaona chupa inainama.

"Amekula," nikasema. "Nilimlisha mimi, adhuhuri."

Chupa ikasimama hewani. Msichana akanigeukia. "Kumbe nimeshindwa na bucha ya baba yako," akasema, na safari hii hakucheka.

Bwana mifugo hakunifokea. Aliifunga chupa, akanishika mkono, akaviweka vidole vyangu chini ya shingo ya tai, mahali chakula kinapokaa kabla hakijashuka tumboni. Palikuwa pamevimba, pagumu kama ngumi ya mtoto. "Hapa ndipo pa kuuliza," akaniambia. "Mimi pia sikuuliza. Niliamini macho."

Tulimwacha siku nzima asile. Siku iliyofuata alimjia msichana kama mshale, akamjia tena siku mbili zaidi, basi ni yeye aliyepanda naye mlimani. Nilibeba kamba. Alipoachiwa, tai alizunguka mara moja juu ya miamba akaelekea mbugani, bila kutugeukia hata mmoja wetu. Mwenzangu alilia. Mimi nilitazama mikono yake, na wivu ulikuwepo bado, mzima kabisa. Nakuambia ili usijione mbaya kuliko watu wengine ukiuhisi: unaweza kuwa nao na bado ukasema ukweli kwa wakati. Niliendelea kwenda bandani kila alasiri, na yeye pia.

Basi, ikiwa nawe utamlea ndege wa aina hii pamoja na mwenzako, fanya hivi: kabla ya kumpa chakula au dawa, pitisha vidole viwili chini ya shingo yake. Pakiwa pamejaa, rudisha chakula na dawa, kisha umwulize mwenzako amempa nini, saa ngapi.