Ndege aliyetupeleka kwenye mzinga wa watu

"Huyu ndege ameniponza." Amesema hivyo mchana huu mama mmoja tuliyemkuta chini ya mzinga wake, porini, si mbali na Dodoma mjini.

Tulikuwa tunatembea tu, mimi, mke wangu na binti yetu Neema.

Ndege mdogo wa kijivu akaanza kutupigia kelele. Anarukia mti wa mbele, anasubiri, anaita tena.

"Baba, anatuita."

Nikamwambia ndege haiti watu.

"Basi tumfuate tuone."

Akatufikisha kwenye mzinga wa gogo, umefichwa vizuri kati ya matawi. Chini yake mwenye mzinga, panga mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nani kawaelekeza huku?"

Neema akanyoosha kidole juu.

Mama akaguna. Asali yake bado haijaiva, na wezi wakiuona mzinga, mavuno ya msimu yamekwenda.

"Kama kawaleta nyie, na wezi atawaleta. Nauhamishia karibu na nyumba. Na nyie mtabeba, si mmeshapaona?"

Nani mwingine ameshaitwa na ndege huyu? Niambieni, ila pori lenyewe silitaji.

Tunabeba Jumamosi jioni, nyuki wakishaingia ndani.