Springi za Gari la Baba

Juzi hapa Bredäng, mtaa wetu wa ughaibuni, nilipita kando ya gari la zamani lililolala upande mmoja kwa nyuma, na harufu ya grisi ikanirudisha kwenye maegesho ya jengo letu, alasiri moja nilipokuwa mdogo.

Baba alikuwa chini ya gari letu pamoja na Anko Kato, rafiki yake Mganda. Springi za nyuma, vile vyuma virefu vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, zilikuwa zimechoka, na kila tulipokata kona zililia kama mlango mbovu.

"Zikikunjwa upya zitakuvusha baridi hii," Anko alisema. "Au nunua mpya, usahau kabisa."

Miaka yote Baba alichagua kukarabati. Kuvuka baridi moja kulitosha, maana kila mara alisema mwaka unaofuata tungerudi nyumbani Tanga. Siku hiyo alifuta mikono kwa muda mrefu, kisha akamtazama Mama, aliyekuwa amewaletea chai.

"Mama Neema, tununue mpya."

Mama akajifunika uso kwa kanga, mabega yakimtetemeka. Mimi nilidhani anavihurumia vile vyuma vikuukuu. Vilipofunguliwa nikachukua kimoja kifupi, kinachonuka kutu, nikakifunga skafu yangu na kukilaza kitandani.

Mama alipokikuta nilimwambia asilie, nitakitunza mimi. Akaketi kando yangu, akakifunika vizuri kwa blanketi.

"Kiache kilale, mwanangu," alisema. "Nacho hakina safari tena."