Mfalme Asiye na Jina

Kadii alipika uji wa shule pale Jilore miaka kumi na mmoja, na ukimuuliza ni nani aliyemfunza habari za wafalme atakwambia: dirisha. Jiko lake lilipakana na darasa la sita, na mwaka wa 1985 mwalimu Thuku, mtu wa Nyeri, alianza kuwasomea watoto hadithi aliyoitunga mwenyewe kwenye daftari. Mlikuwa na mfalme na mashujaa wake saba wenye mavazi ya chuma, wamepanda farasi. Farasi Jilore hakuna. Kadii akawapandisha punda, na wakampendeza vilevile.

Uji uliungua mara mbili. Mara ya pili ni siku mfalme alipopigana na joka la Mto Sabaki, akajeruhiwa, akapotelea ukunguni na upanga wake, na mashujaa wakaapa kutokikalia kiti chake mpaka arudi.

Thuku alipokuja jikoni kunywa chai, Kadii hakungoja aketi.

"Mwalimu, huyo mfalme alirudi kwa nani?"

"Kwa nani vipi, Mama Lewa? Bado hajarudi."

"Mtu harudi hivi hivi. Hurudi kwa mjukuu, akaitwa jina lake."

Thuku akacheka. "Hata kwetu ni hivyo. Mimi mwenyewe ni babu yangu."

Kadii hakucheka. Mumewe alikuwa na miaka saba kaburini, na katika miaka thelathini ya ndoa Kadii hakuwahi kulitamka jina lake. Mke mwenye adabu zake humwita mumewe Baba Lewa, basi. Lakini mjukuu akipewa jina la babu, bibi hulipaza atakavyo, tena kwa utani: wewe mume wangu, njoo ule! Hiyo ndiyo furaha aliyojiwekea. Alimtamani mzee wake, ndiyo, lakini zaidi alitamani kumwita.

Mwanawe wa pekee, Lewa, aliishi Malindi na mkewe Easter na mabinti watatu, wazuri ajabu. Pasaka ile alikuja akasema, "Mama, tumefunga uzazi. Hawa watatu wanatosha." Kadii akampakulia chakula.

"Anaitwa nani mfalme wako?" Kadii alimuuliza Thuku sasa, pale jikoni.

"Mfalme tu. Jina lilinishinda."

Kadii alikoroga sufuria isiyohitaji kukorogwa. Kisha akasema, "Karisa." Lilimkwaruza koo kama mwiba wa samaki.

Kesho yake Thuku aliliandika ubaoni, na watoto arobaini wakasoma kwa sauti moja: "Karisa atarudi! Karisa atarudi!"

Kadii aliuacha mwiko sufuriani, akaenda dirishani, akawapita wote kwa sauti. "Karisa! We Karisa! Njoo ule, mume wangu!"

Darasa zima likageuka, likaangua kicheko. Yeye alibaki pale ametega sikio, na nyuma yake uji ukaungua mara ya tatu.