Wawili Hawajarudi

Kwetu hatuhesabu mbuzi. Mama alitufundisha hivyo tangu utotoni: mbuzi unawajua kwa rangi na kwa pembe, ukiwatazama tu unajua nani hayupo. Anayewanyoshea kidole, mmoja, wawili, watatu, anakiita kifo kije kuchagua. Nilipokuwa katekista nilimwambia kwamba hayo ni mambo ya giza, kwa sababu hata mchungaji mwema tunayemhubiri alihesabu kondoo wake.

"Na akapoteza mmoja," mama akasema.

Aliyeleta hesabu bomani mwetu ni ndugu yangu, kitindamimba wetu. Nilimzidi karibu miaka ishirini. Mimi ndiye niliyemfundisha ishara ya msalaba, nikiwa nimeushika mkono wake mdogo. Akakua, akaingia jeshini, akapelekwa ng'ambo ya mpaka, na huko lori lao likakanyaga bomu. Wenzake wawili walikufa papo hapo. Yeye alirudishwa akiwa hai, nami namshukuru Mungu kwa hilo hadi leo, ingawa si yote yaliyokuwa kichwani mwake yaliyorudi.

Alikuwa na kovu kutoka sikioni hadi utosini, akilifunika kwa kofia ya sufu hata jua likiwa kali. Mwangaza ulimuumiza. Alitia chumvi kwenye muthokoi, akasahau, akatia tena, na mama alikula hadi mwisho. Nyimbo za kanisani alizikumbuka zote, beti kwa beti. Lakini ukimwambia jambo asubuhi, jioni hana habari nalo.

Daktari alisema tumpe kazi nyepesi ya kila siku. Tukampa mbuzi. Jioni alisimama mlangoni mwa boma, miguu pamoja, akawahesabu kwa sauti wakiingia. Mama aliziba masikio. Majirani walimwita Afande, na mmoja aliyependa mzaha alimwambia kupitia ua, "Afande, njoo unihesabie na kuku."

"Kuku wako hawana nidhamu," ndugu yangu akajibu bila kugeuka. "Wafunze mstari kwanza."

Tulicheka sana siku hiyo. Nilifikiri amepona.

Baada ya wiki chache alinijia haraka jioni. Hakuniita kaka tena, aliniita Mwalimu kama waumini wote. "Mwalimu, wawili hawajarudi."

Nilichukua fimbo, nikamwita jirani, tukashuka hadi kwenye mchanga wa mto mkavu tukitafuta nyayo. Tuliporudi mikono mitupu, mama alikuwa amesimama bomani. "Mbuzi wote wapo," akasema. "Nimewatazama."

"Si mbuzi, mama," ndugu yangu akasema. "Ni wale wawili waliokaa nyuma ya lori. Wamerudi?"

Mama alifungua kinywa, lakini mimi nilimtangulia. Nilikuwa nimefundisha amri ya kutosema uongo kwa miaka thelathini, na niliamini kwamba kweli haimdhuru mtu. Nikamshika bega. "Walikufa, ndugu yangu. Mmoja ni yule wa Katangi. Tulikwenda kumzika."

Aliketi chini, palepale kwenye samadi, akavua kofia, akalia kama mtu aliyeletewa habari dakika ile. Na kweli ilikuwa dakika ile. Alilala bila kula.

Jioni iliyofuata akauliza tena. Nikamwambia tena. Akavua kofia, akaketi mahali palepale. Siku ya tatu vivyo hivyo. Nilijiambia kwamba moyo utajifunza hata kama akili imeshindwa, kwamba ninahitaji kuwa na subira. Niliendelea hivyo tangu mavuno ya mahindi hadi mvua nyingine iliponyesha. Mbele ya mlango ardhi ilishindiliwa ikawa na shimo dogo, umbo la mtu aliyeketi.

Mama alinijia nikiwa naandaa masomo ya Jumapili. "Kila jioni unamzika mtu," akasema. "Hata kaburi hufunikwa likaachwa lipumzike, wewe unalifukua."

"Mwaitu, siwezi kusema uongo mbele za Mungu."

"Basi nyamaza. Mungu amekutuma ujibu kila swali?"

Sikunyamaza. Nilimheshimu mama yangu, lakini nilijiona nimesoma kuliko yeye.

Ndipo mama wa yule kijana wa Katangi alipokuja kututembelea. Alipanda pikipiki safari yote hiyo, akiwa na mfuko wa ndengu mapajani, ili amwone mtu wa mwisho aliyekula na mwanawe. Walikaa kivulini mwa ghala. Ndugu yangu hakumjua, lakini alimwimbia wimbo, naye akaitikia. Jua likashuka, mbuzi wakaja, ndugu yangu akaenda kusimama mlangoni. Nilitaka kumwondoa mgeni pale, nikachelewa.

"Mwalimu, wawili hawajarudi."

Ulimi wangu ulikuwa tayari. Yule mama alininyoshea kiganja ninyamaze, akamsogelea.

"Wangu amerudi, mwanangu," akasema. "Nimemwacha nyumbani anakula."

"Anakula nini?"

"Isyo. Amemaliza sahani, ameomba nyingine."

Ndugu yangu alitabasamu. "Huyo anapenda kula, huyo." Kisha akakunja uso. "Na yule mwingine?"

Yule mama alinitazama. Hakuwa na hasira, alikuwa tu amefanya sehemu yake. Mimi, ambaye sijawahi kuzika mwana, nilisimama mbele ya mwanamke aliyemfufua wake kwa maneno ili mtoto wa mwenzake apate usingizi.

"Naye amerudi," nikasema. "Wote wamerudi."

"Asante, Mwalimu." Alirudisha miti ya mlango mmoja baada ya mwingine, akaenda kula.

Tangu siku hiyo nilimjibu hivyo kwa miaka yote aliyobaki nayo. Lile shimo mlangoni lilijaa mchanga wa mvua, likapotea. Jumamosi moja nilikwenda kuungama ule uongo. Nilipopiga magoti yalinitoka mengine kabisa, zile jioni za kwanza, kofia mkononi mwake, na padre alingoja muda mrefu nimalize kulia.

Ndugu yangu alichukuliwa na kifafa cha lile jeraha, asubuhi, chai ikiwa bado moto. Sina malalamiko. Niliongezewa miaka ya kumjibu vizuri. Lakini zile jioni za kwanza haziondoki. Mlango wa boma unapolia, nasikia mtu akivua kofia.

Sasa mbuzi nawafunga mimi. Nawajua kwa rangi, wako wote, hata hivyo midomo yangu huanza yenyewe, mmoja, wawili, na nikifika mwisho hesabu haitoshi. Nasimama pale na mti mkononi nisiweze kufunga.

Mama haoni tena, lakini masikio yake ni mazima. Jana aliniita kutoka mlangoni mwa jikoni.

"Unahesabu?"

"Hapana, mwaitu."

"Amerudi," akasema. "Yuko hapa ndani, anakula. Funga."

Nikafunga.